Namna ya Kulipima Jina Lisilo la Kawaida Kabla ya Kumpa Mtoto

Jina la mtoto mchanga huanza kuhukumiwa kabla mwenyewe hajafumbua macho vizuri. Muuguzi hulirudia mara mbili akiliandika kwenye kadi ya kliniki, shangazi huuliza limetoka ukoo gani, jirani hunyamaza kidogo kabla ya kusema kwamba ni zuri, na mzazi aliyelichagua kwa mapenzi hujikuta akijitetea wakati bado ana uchovu wa uzazi. Mwongozo huu ni kwa wazazi wanaotaka kumpa mtoto jina ambalo hakuna mwingine mtaani analo, na wanaotaka kujua mapema kama litambeba au litamwelemea. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: sioni ubaya wowote katika ugeni wa jina. Kinachomchosha mtoto ni jina ambalo maelezo yake hawezi kuyatoa kwa raha mbele za watu, na kwa sababu hiyo karibu kila kipimo ninachokieleza hapa chini kinarejea kwenye swali ambalo atakuja kuulizwa maisha yake yote, yaani kwa nini anaitwa hivyo.

Jua kwanza watu wanahukumu nini

Majina mengi tunayoyaona ya kawaida leo yangeshangaza nje ya mahali yalipozaliwa. Juma ni wa Ijumaa, Jumanne ni wa Jumanne, Ramadhani na Shabani ni wa miezi, na Chausiku alizaliwa usiku. Kwa Wasukuma, Mabula na Kabula ni watoto wa mvua, mapacha ni Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija. Kwa Wajaluo, Otieno ni wa usiku na Achieng ni wa jua kali, na kwa Wakamba, Wambua alikuja na mvua na Kyalo alizaliwa safarini. January Makamba alizaliwa mwezi Januari mwaka 1974, na Uhuru Kenyatta alizaliwa Oktoba 1961, nchi yake ikiwa inaelekea kwenye uhuru. Doto Biteko alipoteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu wa Tanzania mwaka 2023, hakuna mtu wa Geita aliyehitaji kuelezwa maana ya jina lake, ingawa mgeni kutoka ng'ambo angelazimika kuuliza.

Kwa hiyo unapopima jina, pima na mahali mtoto atakapokulia. Jina Godlisten, Praygod, Lightness au Witness halimshtui mtu Moshi wala Machame, kwa kuwa wazazi wengi wa huko waliamua tangu zamani kuiandika sala yao moja kwa moja kwenye jina la mtoto. Akihamia Unguja ataulizwa, na akienda kusoma Ulaya ataulizwa zaidi. Hilo halitoshi kumnyima jina, lakini linatosha kumfanya mzazi ajiandae kumfundisha mtoto asili ya jina lake mapema, ili siku atakapoulizwa asione aibu ya kujibu.

Kipo pia kipimo cha wakati, ambacho wazazi wengi hukisahau. Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani mnamo Novemba 2008, watoto kadhaa waliozaliwa Kisumu siku zile walipewa majina ya Barack na Michelle, na mpaka leo yeyote anayekutana nao anaweza kukisia mwaka wao wa kuzaliwa bila kuuliza. Jina la tukio humfunga mtoto na tukio hilo. Likiwa la heri, hakuna tatizo. Lakini jina la mtu aliye hai, awe mwanasiasa, mchezaji au mwimbaji, ni amana unayoiweka mikononi mwa mtu asiyekujua, ambaye bado ana miaka mingi ya kuharibu au kutengeneza sifa yake. Ushauri wangu ni kumngoja mtu huyo amalize safari yake kwanza. Watu wema waliokwisha kutangulia, wa ukoo na wa historia, ni wengi na wanatosha.

Majina ya masikitiko

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo hukumu za watu zinapouma zaidi. Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko, Sikujua, Sikudhani, Semeni, Sikitu: haya ni majina ya kweli, yamebebwa na watu wengi kwa heshima, na yana sababu zake. Mama aliyezika watoto wawili au watatu mfululizo alimpa wa nne jina la kumshusha, ili mauti na jicho baya vimwone kuwa si kitu na vimpite. Mke aliyesemwa sana ukweni, na ambaye adabu haikumruhusu kujibu, alijibu kwa kumwita mtoto Semeni, na kila aliyemsema akalazimika kulitamka jibu hilo kila siku. Wapo waliopewa Masumbuko kwa sababu mimba ililelewa katika njaa, au baba aliondoka na hakurudi. Huwezi kuyacheka majina haya ukijua yalikotoka, na anayeyacheka mbele ya mwenye jina anamkosea mama aliyelala chini ya mchanga.

Hata hivyo, mtoto ndiye anayeitika. Mwalimu anapoita majina darasani na kufika kwa Shida, wenzake wanamgeukia, na mtoto wa miaka saba bado hana maneno ya kueleza msiba uliotokea kabla hajazaliwa. Hivyo natofautisha hali mbili. Kama jina la masikitiko linatoka kwa bibi au babu, na mtoto anapewa ili awe somo wake, mpe pamoja na habari zake: bibi huyo alikuwa nani, alivuka nini, watu walimpendea nini. Mtoto akishajua kwamba Tabu alikuwa mwanamke aliyelea yatima wa mtaa mzima, jina hilo halitamdhoofisha. Lakini kama unataka kutunga jina jipya kutokana na ugomvi wa sasa, na mume, na mawifi au na majirani, ngoja. Uchungu wa wiki ya kwanza hupungua, na jina halipungui pamoja nao. Katika familia za Kiislamu siku ya saba imewekwa kwa shughuli hiyo pamoja na akika, na ipo hadithi mashuhuri kwamba Mtume Muhammad alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya mwenye kuasi, akamwita Jamila. Katika familia za Kikristo muda wa kujiandaa kwa ubatizo unaweza kutumika vivyo hivyo. Utumieni muda huo kuzungumza.

Liite kwa sauti

Jina likishapendeza kwenye karatasi, litoe nje. Simama mlangoni uliite kama unavyomwita mtoto aliye mbali uani magharibi ikiingia. Liite kwa kubembeleza, kisha liite kwa ukali. Mwombe bibi mwenye umri mkubwa kuliko wote nyumbani alitamke, na mwombe mtoto wa jirani wa miaka minne naye alitamke, kwa sababu hao wawili ndio watakaokuonyesha umbo ambalo jina litachukua mitaani. Konsonanti zikirundikana, ndimi zetu huziwekea irabu katikati. Penye watu wanaobadilishana l na r, Laura na Raula vitasikika mahali pamoja. Penye th, wengine watatamka s na wengine z. Usikasirike kwa matamshi hayo. Yasikilize, kisha amua kama unaweza kuishi nayo. Ukigundua kwamba matamshi ya bibi yanakukera, hilo si jina la mtoto anayelelewa na bibi.

Sikiliza pia ufupisho wake. Emmanuel atakuwa Ema, Chausiku atakuwa Chau, Godlisten atakuwa Godi, na jina ulilolitunga kwa kuunganisha silabi za Joseph na Neema litakatwa palepale ulipoliunga. Watoto wa shule hufupisha bila huruma na hupenda zaidi vifupisho vinavyochekesha. Kaa na binti au kijana wa darasa la sita, mtajie jina, kisha mwulize wenzake wangelifanyia nini. Atakuambia ukweli ambao rafiki zako wataona haya kukuambia.

Jambo la tatu la sauti linamhusu mzazi mwenyewe. Akiwa ndiye mzaliwa wako wa kwanza, jina lake litakuwa lako. Utaitwa Mama Fulani au Baba Fulani sokoni, msikitini, kanisani, kwenye kikoba na kwenye kikao cha wazazi, na wapo majirani watakaokuzika bila kulijua jina lako la kuzaliwa. Weka "Mama" mbele ya jina ulilochagua, ulitamke mara nyingi, na ujiulize kama ungeitika kwa furaha ukiwa na umri wa miaka hamsini. Mpeleke na mtoto mbele kwa mawazo. Majina kama Baby na Junior yanampendeza mtoto aliyebebwa mgongoni, lakini mwenyewe atakuja kuwa hakimu, mchungaji, sheikhe au bibi wa wajukuu kumi, na jina litakuwa bado lilelile.

Yasome majina matatu pamoja

Katika nyaraka za Tanzania jina la mtoto hufuatwa na la baba, kisha la babu au la ukoo, na watu huyasoma yote kwa mfululizo mmoja. Majina yenye maana katika Kiswahili yana tabia ya kuungana yakawa sentensi. Furaha ni jina jema, lakini Furaha ambaye baba yake ni Masumbuko ataitwa Furaha Masumbuko katika kila mtihani na kila mahojiano ya kazi. Zawadi Tabu, Bahati Mashaka na Pendo Msiba ni mifano ya namna hiyohiyo. Andika majina yote matatu kwenye karatasi, mpe mtu asiyewajua ayasome kwa sauti, na umtazame usoni wakati anasoma.

Ukiwa unaishi mpakani, au katika mji wenye makabila na mataifa mengi, waulize majirani wa lugha nyingine. Jina la heshima kwa watu fulani huweza kuwa aibu kwa wengine: Mavi ni rangi ya buluu kwa Kituruki, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwa nini mtoto mwenye jina hilo asingeisahau shule ya msingi ya Tanga.

Tahajia, karatasi na usumbufu wa baadaye

Ningekuwa na nafasi ya kumshauri mzazi jambo moja tu, ningemshauri juu ya tahajia. Jina geni huteseka zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye ndimi za watu. Safari huanza hospitalini, pale anayeandika tangazo la kizazi anapolisikia jina kwa mara ya kwanza katika kelele za wodi, na kuliandika kama alivyolisikia. Aneth linakuwa Annet, Jacqueline linakuwa Jackline, Prisca linakuwa Priska. Kisha mwalimu wa darasa la kwanza anaandika kwa namna yake, cheti cha shule kinafuata daftari la mwalimu, kitambulisho cha Taifa kinafuata fomu iliyojazwa kwa haraka, na kijana anapofika umri wa kuomba mkopo wa elimu ya juu, ambapo cheti chake cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi, anagundua kwamba karatasi zake zinamtaja kama watu watatu tofauti. Hapo ndipo huanza safari za kwa wakili na viapo, fedha na siku za kazi zikipotea, kwa sababu ya herufi moja ambayo mzazi aliiongeza ili jina lipendeze.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua tahajia ambayo mtu mwenye elimu ya msingi anaweza kuiandika baada ya kulisikia jina mara moja. Kama huwezi kuacha tahajia ya kigeni, liandike jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi safi kabla ya kwenda kujifungua, liwekwe ndani ya kadi ya kliniki, na anayeandika apewe karatasi hiyo anakili badala ya kusikiliza. Soma tangazo la kizazi kabla ya kuondoka wodini. Tanzania Bara inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, na Kenya ndani ya miezi 6. Baada ya hapo usajili unawezekana lakini huhitaji uthibitisho zaidi. Usiyachukulie majuma hayo kama mzigo, kwa kuwa ndiyo muda wako wa kulijaribu jina nyumbani kabla ya kulifunga kwenye cheti. Siku ya kumwandikisha mtoto shule, nenda na nakala ya cheti, umwombe mwalimu anakili humo, na ukikuta baadaye daftari la mahudhurio limeandikwa vingine, rudi likarekebishwe wakati mtoto bado yuko madarasa ya chini.

Namna ya kuzungumza na ndugu

Katika koo nyingi, jina la mtoto si mali ya wazazi wawili peke yao. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume humrithi babu mzaa baba, na wa pili babu mzaa mama, na kuuvunja utaratibu huo bila kuzungumza ni sawa na kumwambia mzee kwamba hahesabiwi. Mama anayemwita mwanawe mdogo "baba" kwa sababu amebeba jina la baba yake hafanyi mzaha. Anamheshimu mtoto kama anavyomheshimu mzee. Jina jipya kabisa linapoingia katika nyumba ya namna hiyo, linakaa kwenye kiti cha mtu, na mwenye kiti ana haki ya kuuliza.

Njia inayofanya kazi ni kwenda mapema, kabla ya kuzaliwa kama inawezekana, na kwenda kwa mkubwa mwenye neno, ambaye mara nyingi ni bibi au shangazi upande wa baba. Usiende kutangaza, nenda kueleza. Maneno kama haya yanatosha: "Shikamoo, shangazi. Tumekuja juu ya jina la mtoto. Jina la marehemu bibi tunataka abaki nalo, sisi sote tutamwita hivyo hapa nyumbani, na kwenye cheti tunaomba tumwandike hili jingine kwa sababu hii." Kisha sema sababu yenyewe kwa ufupi na nyamaza. Mpango wa jina la nyumbani na jina la karatasini si mpya kwetu, wengi wetu tumekua na majina mawili, na ndugu wakubwa huukubali kwa urahisi kuliko kukataliwa moja kwa moja. Shangazi akilikataa jina kwa sababu unayoona ina uzito, kwa mfano kwamba liliwahi kubebwa na mtu aliyeiumiza familia, msikilize. Akilikataa kwa sababu tu hajawahi kulisikia, mpe muda. Akishambeba mtoto atalizoea.

Ukiwa wewe ndiye unayelisikia

Mwalimu, muuguzi, karani, imamu, mchungaji na mwajiri wana nguvu kubwa juu ya jina la mtoto kuliko wanavyodhani. Uliza linatamkwaje, liandike kama lilivyoandikwa, na usitoe maoni mbele ya wengine. Uamuzi unaofanywa kwa kutazama jina peke yake una madhara yanayopimika: mwaka 2004 watafiti Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio la Boston na Chicago, ambamo maombi ya kazi yaliyofanana yalitumwa kwa waajiri kwa majina tofauti, na yale yenye majina yanayohusishwa na wazungu yaliitwa kwenye usaili kwa asilimia 50 zaidi kuliko yale yenye majina yanayohusishwa na Wamarekani weusi. Waombaji hao hawakuwa wamefanya kosa lolote, na dawa ya jambo hilo haikuwa kubadilisha majina yao. Mzazi wa Kiswahili anayelea mtoto ughaibuni na kumpa jina la kwao anastahili kulijua hilo, na anastahili pia kuungwa mkono akiamua kuendelea nalo.

Jina likishamwelemea mtoto

Hata baada ya uangalifu wote, jina linaweza kumkataa mwenyewe. Dalili huonekana mapema kwa mzazi anayetazama: mtoto anajitambulisha kwa wageni kwa jina jingine, anaandika herufi ya kwanza tu kwenye madaftari, au anakuomba usimwite kwa sauti mbele ya wenzake. Usimwambie kwamba atazoea. Mwulize ni nini hasa kinachomsumbua, kwa kuwa mara nyingi ni mtu mmoja darasani au mwalimu mmoja, na hapo kinachohitaji kubadilishwa ni mwenendo wa mtu huyo. Nenda shuleni, zungumza na mwalimu mkuu kwa utulivu.

Ikiwa ni jina lenyewe, na mtoto ameshikilia hivyo kwa muda mrefu, sheria inaruhusu kubadili kwa hati inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa, ambapo Tanzania hupelekwa kwa Msajili wa Hati, na Kenya mabadiliko hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Jitahidi lifanyike kabla majina hayajapelekwa kwa ajili ya mitihani ya taifa, kwa sababu cheti cha mtihani hutoka kwa jina lililosajiliwa, na kila cheti kinachotangulia mabadiliko kitamlazimu atembee na hati hiyo mkononi. Watoto wengine huchagua kuliacha jina la zamani libaki katikati, hasa kama lilikuwa la bibi. Wape nafasi ya kulichagua hilo wenyewe, na umpeleke mtoto akamweleze bibi kwa mdomo wake kabla ya kwenda kwa wakili.